Naombeni ushauri: risasi gani nichukue kwa kulungu wa Ohio?

Mnyamwezi_Columbus
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina mwaka wa sita hapa Columbus, kadi ya kijani ninayo, kozi ya usalama wa uwindaji nimemaliza juzi. Msimu wa bunduki unafunguliwa Jumatatu baada ya Siku ya Shukrani, na jamaa wa kazini kanikaribisha shambani kwa baba yake, kijisitu kinachopakana na mahindi. Nasema kulungu kwa mazoea tu. Huyu wa mkia mweupe hudondosha pembe kila mwaka, si yule wa kwetu Tabora.

Kinachonisumbua ni risasi. Rafiki ananiuzia raifo yake ya .308 kwa bei nzuri. Mwingine anasema .243 inatosha na haiumizi bega. Dukani wananisukumia .450 Bushmaster. Bega langu la kulia liliwahi kuteguka, na sijawahi kuua mnyama anayezidi mbuzi. Sitaki kumjeruhi akaenda kufia vichakani kwa mateso. Nichukue ipi?

Babu Gobore
Marahaba. Pesa irudishe mfukoni kwanza. .308 na .243 ni risasi nzuri sana, ila kwa kulungu wa Ohio haziruhusiwi. Shika ganda lake uliangalie: linapanda nene, halafu juu linabanwa kama shingo ya chupa. Ohio, tangu 2014, raifo ya kulungu ni ya ganda lililonyooka tu, kipenyo cha risasi kuanzia inchi .357 hadi .50. Vinginevyo utumie shotigani au gobore. Mashamba na nyumba huko vimechanganyika, na risasi za shingo zinasafiri mbali. Hiyo .308 subiri ukialikwa Pennsylvania.

Mnyamwezi_Columbus
Mzee, Mungu akuzidishie. Nilishaahidi kumlipa Ijumaa!

Nesi wa Dayton
Mdogo wangu, chukua .350 Legend. Usitishwe na jina, kipenyo chake kinahesabiwa .357, kwa hiyo inaruhusiwa. Winchester waliitoa 2019, na majimbo yenye sheria kama hii ndiyo yaliyolengwa. Ya greini 150 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) inatoka kwa futi 2,300 hivi kwa sekunde, na teke lake begani ni dogo. Mimi nina kilo 58 na huu ni msimu wangu wa tatu nayo.

.450 inarusha greini 250 kwa futi 2,200 hivi. Kuua inaua, hakuna ubishi. Lakini niliona kwa shemeji yangu siku tunarekebisha darubini ya bunduki yake: risasi ya kwanza katikati kabisa, ya pili karibu yake, ya nne haikugusa hata karatasi. Tulipomtazama vizuri, alikuwa anafumba macho kabla kidole hakijavuta. Mwili ulishaanza kuliogopa teke. Mtu mwenye bega bovu akianza na bunduki ile, huyo mnyama anayemhurumia ndiye atakayeumia.

Babu Gobore
Dada kasema kweli kuhusu teke. Ila .350 ina mpaka wake: ikipita yadi 200 inashuka sana na nguvu imekwisha. Na mnyama akikaa mshazari, kifua hakionekani wazi, risasi nyepesi inaweza isifike ndani. Mimi nina .45-70, risasi ya tangu 1873, na bado naiamini kuliko hizi mpya. Wewe chukua .350, lakini mnyama asipokuonyesha ubavu, usifyatue. Mwache apite.

Abu Twalib
Kwa Waislamu wenzangu mnaosoma: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta bado ana uhai, mchinje.

Ndugu yangu, lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Hapo ndipo mapafu na moyo. Akikimbia, usimkimbilie. Kaa nusu saa, kisha nenda pale aliposimama uinamie majani. Damu nyekundu nyepesi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Damu nzito, nyekundu iliyokolea, ni ini. Mpe saa kadhaa. Ukiona majimaji ya kijani yananuka, umepiga tumbo: rudi nyuma kimya kimya, ukimfuata mapema atakwenda mbali na hutamwona tena. Hakuna ukubwa wa risasi unaorekebisha kosa hilo.

Nesi wa Dayton
Na usisahau fulana ya rangi ya machungwa, ni sheria. Pia nunua boksi mbili za risasi ile ile utakayowindia. Ukibadilisha aina, tundu linahama kwenye shabaha.

Mnyamwezi_Columbus
Wakuu, nimerudi. Nimenunua .350 na leo nimeshinda kiwanja cha shabaha. Nimepiga risasi 20 kwa yadi 100: 17 zimeingia ndani ya duara la sahani ya chai. Tatu zilizotoka nje zote ni za mwisho, bega lilishachoka. Mwenyeji wangu anasema pale kwenye mti nitakapokaa, mahindi yanaanzia yadi 70. Basi zaidi ya 80 sifyatui, hata apite dume lenye pembe kama matawi.