Sevu ya ULUS haionekani kwenye gemu ya ULES, na gemu ni ileile

MamaSwabra_Kisauni
Assalaam alaykum nyote. Kijana wangu ana PSP ya mtumba, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, na diski ya gemu ya Liberty City Stories iliyoandikwa ULES-00151. Binamuye wa Likoni kafika mbali kwenye gemu hiyohiyo, akamtilia sevu yake, yaani pale alipohifadhi gemu, kwenye memori kadi. Kadi yasoma, sevu yaonekana kwenye menyu ya PSP, lakini akiingia ndani ya gemu haipo. Folda yaanza na ULUS10041. Mtoto yuwalia tangu jana. Hizo herufi ni za nini?

FundiMwembeTayari
Waalaykum salaam mamangu. Kadi nzima, PSP nzima. Kwa mashine hizo ni gemu mbili, picha ya jalada isikuhadae.

U ya mwanzo ni UMD, ile diski ndogo ya PSP. Gemu ya kupakua huanza na NP. L ni kampuni nyingine iliyopewa leseni. Ukiona C hapo, gemu ni ya Sony wenyewe, mfano God of War: Chains of Olympus, UCES-00842. Kisa chako kiko herufi ya tatu: E ni Ulaya, U Marekani, J Japani, K Korea, A Asia. Ya nne usijisumbue nayo. Zile tarakimu tano nazo hubadilika toka soko moja hadi jingine, ndiyo 10041 ya Marekani ikawa 00151 Ulaya.

Sasa, gemu ikiingia PSP/SAVEDATA huangalia folda zenye kodi yake tu, yaani hizo herufi na tarakimu. Nyingine haina habari nazo.

DogoBombolulu
Si abadilishe jina la folda tu? Afute ULUS10041, aandike ULES00151, kwisha.

FundiMwembeTayari
Hizo ndizo mwaniletea kibandani zikisema data imeharibika! Mle ndani mna faili ya PARAM.SFO iliyohifadhi jina la asili la folda, na sevu yenyewe imefungwa kwa ufunguo. Ni kubandika nambari ya Probox moja kwenye nyingine. Polisi akifungua boneti, umekwisha.

Mama, dawa ni sevu ya mwenye diski ya ULES, ama binamu amwazime diski yake. Itacheza, kwani gemu za PSP kwa kawaida hazifungwi kwa nchi. Zinazofungwa kwa kanda ni filamu za UMD, kama DVD. Ukenda sokoni angalia sana, maana wauzaji huzichanganya na gemu kapu moja.

DogoBombolulu
Na chiti je, zile za kudanganyia gemu?

FundiMwembeTayari
Ni yaleyale. Kwenye faili ya CWCheat, ile programu ya chiti, kila gemu hufunguliwa na mstari wa _S na kodi yake: _S ULES-00151. Chiti za ULUS zagusa anwani nyingine za kumbukumbu; ukizilazimisha, gemu yaweza kuganda.

MamaSwabra_Kisauni
Ahsante fundi. Binamu avuka feri Jumamosi, nitamwambia aje na diski. Hayo ya chiti simwonyeshi, masomo yenyewe yamshinda.