Msaada: kibodi ya zamani ya PS/2 inamulika taa lakini haiandiki kwenye kompyuta mpya

Mgosi_wa_Pwani

Wakuu, habari za muda huu.

Kibodi ni IBM Model M, kibandiko cha nyuma kimeandikwa 1391401, waya wake unaishia na plagi ya duara yenye pini sita, yaani PS/2. Kompyuta ni ya mezani, mpya, Windows 11, na nyuma haina tundu la duara hata moja, ni USB tupu. Katikati nimeweka adapta ya plastiki ya zambarau, ukubwa wa kidole gumba: huku inapokea PS/2, huku inaingia USB.

Nikichomeka, taa tatu za Num, Caps na Scroll zinamulika mara moja, halafu kimya. Hakuna herufi inayotoka. Nikibonyeza Num Lock, taa haiwaki. Kibodi hiyohiyo kwenye kompyuta ya zamani yenye PS/2 inaandika vizuri, isipokuwa 1, Q, A na Z zimekufa.

Je, adapta ni mbovu au Windows 11 haitambui vitu vya zamani? Hizo nne zilizokufa zinatibika? Na kibodi hii haina kitufe cha Windows, wenye nazo mnaishije?

Kasuku04

Kibodi mpya ya USB bei yake ni ya chipsi kuku tu mkuu. Hilo dude peleka stoo.

fundi_mita

Kasuku, mwenye uzi hajauliza bei.

Mgosi, Windows haijaingia kwenye kesi hii bado. Shida ni adapta, na wala si mbovu, ni aina isiyokufaa. Ndani haina chipu, ni waya nne tu zinazounganisha pini hii na ile. Kwenye PS/2 kuna waya wa data na waya wa mapigo, na kibodi yenyewe ndiyo inayopiga mapigo na kusukuma habari kila kitufe kinapobonyezwa. USB ina utaratibu mwingine: kompyuta inauliza, kifaa kinajibu, na kabla ya hapo kifaa lazima kijitambulishe. Adapta za waya tupu zilikusudiwa kibodi za baadaye ambazo chipu yake ilijua taratibu zote mbili na kupima yenyewe imechomekwa wapi. Model M ilianza 1985, USB ya kwanza ikatoka 1996. Ingeijulia wapi?

Taa zako zimeshatoa jibu nusu. Kumulika mara moja ni kibodi kujipima baada ya kupata umeme. Hapo unajua volti 5 zimefika na chipu ya kibodi iko hai, basi. Lakini taa ya Num Lock haiwashwi na kibodi. Kitufe kinatuma habari, kompyuta inarudisha amri ya kuwasha taa. Ukibonyeza isiwake, ujue mazungumzo hakuna, na hapo usihangaike na draiva.

Unachotafuta ni kigeuzi chenye chipu ndani. Mara nyingi kina waya mfupi na matundu mawili, la zambarau la kibodi na la kijani la mausi. Ila umbo linadanganya, kwa hiyo kipime hapohapo dukani: kichomeke kitupu, bila kibodi, kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, kisha fungua Device Manager uangalie sehemu ya Keyboards. Chenye chipu kinaongeza mstari wa HID Keyboard Device hata kikiwa kitupu. Cha waya tupu hakionyeshi chochote. Kwenye Linux andika `lsusb` kabla na baada ya kuchomeka, ulinganishe.

dada_lehemu

Naongezea kwa fundi. Hata vyenye chipu si vyote vinavyoelewana na Model M. Kibodi za enzi hizo zinakula umeme mwingi kuliko za sasa, na kuna vigeuzi vya bei poa ambavyo volti inashuka ndani yake kibodi ikianza kuvuta. Dalili zake: herufi zinajirudia, kitufe kinabaki kama kimekandamizwa, au kila kitu kinakufa baada ya dakika chache na kurudi ukichomoa na kuchomeka. Ukiyaona hayo usifungue kibodi kwanza. Fanya hivi:

Chomeka kwenye USB 2.0 ya nyuma ya mashine, ile yenye ulimi mweusi, badala ya ile ya bluu. Kama zote ni za bluu, weka habu ya USB 2.0 katikati, na iwe ile inayojitegemea kwa umeme wake wa ukutani. Pima volti kati ya pini 4 na pini 3 za upande wa PS/2 kibodi ikiwa imechomekwa. USB inatakiwa kutoa 4.75 hadi 5.25. Ukikuta iko chini ya hapo, tupa kigeuzi.

Na utaratibu wa kuchomeka: kwanza kibodi iingie kwenye kigeuzi, ndipo kigeuzi kiingie kwenye USB. PS/2 haikuundwa kuchomekwa kitu kikiwa kinawaka, na baadhi ya vigeuzi vinaitafuta kibodi mara moja tu, pale vinapopata umeme.

Mgosi_wa_Pwani

Dada_lehemu na fundi, asanteni. Nimeangalia Device Manager, kweli hakuna mstari ulioongezeka. Kwa hiyo adapta ni ya waya tupu.

Swali la nyongeza. Kuna mashine nyingine ya Windows 10 yenye tundu moja la duara, nusu zambarau nusu kijani. Nimechomeka kibodi mashine ikiwa inawaka, haikusoma. Nikazima na kuwasha, bado. Hapo hakuna adapta yoyote katikati.

Bwana_Rejista

Tundu la rangi mbili linapokea kibodi au mausi, kimoja kwa wakati mmoja. Kwako ni sawa kabisa.

Kwanza, usichomeke kitu cha PS/2 mashine ikiwa inawaka. Kwenye ubao mama wa zamani unaweza kukata fyuzi ndogo inayolinda tundu hilo, na ikikatika kibodi haitamulika hata taa. Kama bado zinamulika, umepona.

Pili, kuzima kwa Windows 10 na 11 si kuzima kweli. Fast Startup inahifadhi hali ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na imani kwamba hakuna kibodi ya PS/2. Fungua Command Prompt uandike `shutdown /s /t 0`, au shikilia Shift unapobofya Shut down. Mashine ikishazima, chomeka, kisha washa.

Tatu, ikiwa ndani ya BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) inaandika lakini ukifika Windows inakufa, basi draiva ya PS/2 haipakiwi. Kwa kutumia kibodi ya USB fungua regedit (ya kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows), nenda `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\i8042prt`, angalia thamani ya `Start`. Ukikuta 3 au 4, weka 1, kisha restati. Ikiwa hata BIOS haisomi, tafuta humohumo kwenye BIOS mpangilio wa Fast Boot uuzime.

Hilo la Fast Boot litakuhusu na kwenye mashine mpya. Ili iwake haraka, BIOS nyingi zinaruka kuamsha vifaa vya USB, sasa kigeuzi kinakuwa hai Windows ikishapanda tu. Unabonyeza Del au F2 mpaka kidole kinauma, huingii. Weka kibodi ya kawaida ya USB karibu kwa siku hiyo.

Kuhusu kitufe cha Windows: Ctrl+Esc inafungua menyu ya Start, lakini haisaidii kwa mikato kama Windows+L au Windows+E. Wengi tunaigeuza Caps Lock. PowerToys ya Microsoft ina Keyboard Manager, ni rahisi, ila inafanya kazi ukishaingia kwenye akaunti tu. Ukitaka ishike kuanzia skrini ya nywila, weka kwenye rejista: `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout`, tengeneza thamani ya aina ya Binary, iite `Scancode Map`, uingize:

`00 00 00 00 00 00 00 00 02 00 00 00 5B E0 3A 00 00 00 00 00`

Hapo 3A ni Caps Lock na E05B ni Windows ya kushoto, zimeandikwa kinyumenyume. Ile 02 inahesabu mistari, ukijumlisha na ule wa sifuri wa mwisho. Angalia uandike Keyboard Layout, kuna jirani yake anaitwa Keyboard Layouts, huko haifanyi kazi. Restati mashine. Ukichoka nayo, futa thamani hiyo, Caps Lock inarudi.

Halafu 1391401 ni mpangilio wa Marekani. Kama Windows imewekwa Kiingereza cha Uingereza, Shift+2 itakupa alama za kunukuu badala ya @. Utafikiri kigeuzi kimeharibika, kumbe ni lugha ya kibodi kwenye Settings.

dada_lehemu

Sasa 1, Q, A na Z. Zimekaa safu moja kutoka juu kwenda chini, na hilo si bahati mbaya. Chini ya springi kuna karatasi za plastiki zenye mistari ya umeme, mistari ya wima na ya mlalo, na kila kitufe ni makutano ya miwili. Kitufe kimoja kikifa peke yake, lawama ni uchafu au springi yake. Wakifa majirani wa safu moja, mstari wao umekatika au haugusi pale utepe unapoingia kwenye bodi. Anza na huo utepe, ndio rahisi.

Skrubu ni nne, upande wa nyuma juu, zina kichwa cha pembe sita. Bisibisi ya kawaida haishiki. Unahitaji spana boksi ya 5.5 mm yenye ukuta mwembamba na shingo ndefu, maana zimezama ndani kabisa. Nyanyua kifuniko kuanzia nyuma. Tepe za plastiki zinaingia kwenye soketi za bodi kwa kubanwa tu, hazina kufuli. Vuta wima, taratibu, ukishika katikati, usiuyumbishe kushoto na kulia: ukichanika hapo, unatafuta karatasi nzima nyingine. Futa ncha zake kwa kitambaa laini chenye tone la spiriti ya isopropili, acha ikauke, rudisha. Msasa hapana, ile rangi inayopitisha umeme ni nyembamba mno. Chomeka, jaribu kabla ya kufunga skrubu.

Ikibaki vilevile, mstari umeliwa ndani ya karatasi, kwa kawaida na chai au soda ya zamani. Hapo kazi inakuwa kubwa: bamba la chuma la chini limeshikwa na ribiti nyingi za plastiki, lazima zikatwe zote, na wakati wa kurudisha unatoboa na kufunga skrubu za M2 mahali pake. Geuza kibodi uitikise. Ukisikia vipande vinacheza ndani, ribiti zimeshaanza kukatika zenyewe.

Juma_Biti

Mgosi, vigeuzi vya dukani vikikushinda, chukua bodi ya Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4 uipakie programu huria ya kigeuzi ya TMK. Waya ni nne: kwenye PS/2 pini 1 ni data, 3 ni hasi, 4 ni volti 5, 5 ni mapigo. Pini 2 na 6 ziache. Data na mapigo vinaingia kwenye miguu iliyotajwa kwenye maelezo ya programu. Kitufe cha Windows unakipanga humohumo ndani ya chipu, ukihamia kompyuta nyingine unahama nacho.

Thibitisha kila waya kwa mita kabla ya kulehemu. Picha ya plagi na picha ya tundu ni kinyume kama kwenye kioo, na ukigeuza chanya na hasi umeichoma kibodi.

mzee_wa_DIN

Vijana, nami nina moja ya plagi nene ya pini tano, kubwa kuliko hiyo. Hiki kigeuzi cha chipu kitaifaa?

fundi_mita

Shikamoo mzee. Inategemea. Plagi hiyo ilitumika kwa vizazi viwili vya kompyuta za IBM, XT na AT iliyofuata. Kama ni ya AT, taratibu zake ni zilezile za PS/2, unahitaji tu adapta ya waya tupu ya kutoka pini tano kwenda sita, kisha kigeuzi chenye chipu. Kama ni ya XT, plagi inaingia vizuri kabisa na taa za mashine zinawaka, lakini inatuma namba za aina nyingine na haipokei amri kutoka kwa kompyuta, kwa hiyo vigeuzi vya dukani havitaielewa. Hiyo inataka bodi ya Juma. Geuza kibodi uangalie chini: nyingine zina swichi ndogo ya X na A, ukiiona weka A. Kama haina swichi, hesabu vitufe. Ikiwa 83 na haina taa hata moja, hiyo ni XT.