Kompyuta imegoma kuwaka, ina video ya harusi ya watu na Jumamosi natakiwa kukabidhi. Msaada wakuu

Mpigapicha wa Sinza
Wakuu habari za usiku. Nahariri video za harusi hapa Sinza, ndiyo kazi inayonilisha mimi na familia. Jana umeme ulikatika, uliporudi nikawasha kompyuta: feni zinazunguka, taa inawaka, halafu skrini nyeusi yenye maandishi meupe, "Reboot and Select proper Boot device". Nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma. Ina diski mbili, SSD ya GB 240 yenye Windows 10, na kubwa ya TB 2 yenye kazi za wateja. Humo kuna harusi nzima, kuanzia saluni mpaka keki. Fundi anasema kesho asubuhi aje apige Windows upya. Nimruhusu? Sijala tangu mchana.

Mama Wawili Tabata
Pole sana mdogo wangu. Ila mpigie bibi harusi leo leo. Mpigapicha wa harusi yetu alipoteza video akakaa kimya miezi mitatu, kila tukipiga "dada naimalizia". Hadi leo mama mkwe akiona televisheni yetu anaulizia ile kanda. Kula kwanza, kisha piga simu.

Kijana wa Ubungo Kibo
Hiyo ni betri ya ubao, ile ya duara CR2032. Yangu ilikuwa kila nikichomoa umeme saa inarudi nyuma miaka kadhaa na mpangilio wa BIOS (programu ya ubaoni inayoanza kuamsha mashine) unapotea, mashine haijui ianzie diski ipi. Nikabadilisha betri, mwaka wa pili huu haijasumbua. Tena siku hiyo nilikuwa na mahojiano ya kazi kwa njia ya video, nikaenda kuazima laptop kwa jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani...

Fundi Mstaafu Kimara
Kijana, kabla ya umeme kukatika uligusa nini ndani ya mashine?

Mpigapicha wa Sinza
Hakuna kikubwa mzee wangu. Nilipuliza vumbi tu.

Fundi Mstaafu Kimara
Fungua ubavu, uangalie. Kuna waya wa SATA, ule wa kuunganisha diski na ubao, unaoning'inia bila diski?

Mpigapicha wa Sinza
Upo mmoja. Kulikuwa na diski ya tatu, ya zamani, GB 500. Jumapili niliitoa nikaiuza Kariakoo, elfu 35. Ilikuwa tupu mzee, kila kitu nilishahamisha. Haihusiani kabisa, Windows iko kwenye SSD, niliiweka mwenyewe. Na fundi nimeshamtumia 15,000 ya kuanzia, sidhani kama atairudisha.

Chui wa Temeke
Wakuu hii ni chai, mnakunywa bila kupuliza. Diski katoa Jumapili. Kompyuta imekufa jana na umeme. Jumatatu mpaka jana ilikuwa inawaka na nini? Na Windows kama iko kwenye SSD, itakataaje kuwaka kwa sababu umetoa diski tupu? Mwandishi katunga, kesho atatuletea namba ya kuchangia.

Binti wa Mbagala
Mimi nilishaanza kumwonea huruma 😭 Mwandishi jibu hapo.

Mama Wawili Tabata
Hata kama katunga, kuna mwingine mwenye shida hiyo kweli anasoma. Mzee aendelee.

Mpigapicha wa Sinza
Sijatunga. Umeme ulikatika kweli, ila kompyuta ilikuwa imezimwa tangu Jumapili. Jana ndiyo mara ya kwanza kuiwasha. Nilisema umeme kwa sababu ile diski si yangu, ni ya kaka yangu. Aliniachia alipohamia Mwanza, akasema atakuja kuichukua. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya sare. Nikajiwazia nitamnunulia nyingine kabla hajauliza. Kaka huwa anasoma humu, ndiyo maana sikuandika.

Chui wa Temeke
Basi hilo la siku nimekuelewa. La pili bado.

Fundi Mstaafu Kimara
La pili ndilo jibu lenyewe, Chui. Ulipoweka Windows kwenye SSD, diski ya kaka ilikuwa imechomekwa, na yenyewe ilishakuwa na kipande cha kuwashia kutoka Windows ya zamani. Programu ya kusakinisha ikikuta kipande hicho kwenye diski nyingine, inakitumia kile kile, haitengenezi kipya. Nyumba ukaijenga kwenye SSD, ufunguo ukabaki mfukoni mwa diski ya kaka. Umeuza ufunguo. Wewe uliiona tupu kwa sababu kipande hicho hakionyeshwi kwenye orodha ya diski zako.

Fundi mwambie asije. Akipiga Windows akiwa na haraka, na hiyo ya TB 2 imechomekwa, akikosea kuchagua diski, harusi ya watu imekwenda. Zima, chomoa umeme, toa waya wa diski ya TB 2, iweke kando kabisa. Washa kwa fleshi yenye Windows 10, usibonyeze kusakinisha, bonyeza Shift na F10 pamoja, litafunguka dirisha la kuandika amri. Andika diskpart, kisha list disk. Niambie unachoona.

Mpigapicha wa Sinza
Disk 0, 223 GB. Kuna kinyota chini ya Gpt. Mikono inatetemeka.

Fundi Mstaafu Kimara
Vizuri, kinyota kinaonyesha diski imegawanywa kwa mpangilio wa GPT, na GB 240 ya dukani Windows inaihesabu 223. Andika select disk 0, kisha list partition.

Mpigapicha wa Sinza
Ziko mbili. Reserved 16 MB, Primary 223 GB. Hakuna iliyoandikwa System.

Fundi Mstaafu Kimara
Ndiyo hiyo inayokosekana, kile kipande cha kuwashia. Sasa polepole, mstari mmoja mmoja:

select partition 2
shrink desired=500
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
list volume
exit

Hapo kwenye list volume, tazama kile kikubwa cha NTFS kimepewa herufi gani. Kwenye fleshi si lazima iwe C. Kama ni C:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Mpigapicha wa Sinza
Imeandika "Boot files successfully created."

Binti wa Mbagala
Toa fleshi uwashe jamani, mimi kesho nina zamu ya asubuhi na silali.

Mpigapicha wa Sinza
IMEWAKA. Picha ya mwanangu iko pale pale kwenye skrini. Nimezima, nikarudisha ya TB 2, nimewasha tena. Folda ya harusi ipo, nimefungua keki, inacheza na sauti. Mzee Mungu akuweke. Chui nawe asante, usingenibana nisingesema.

Chui wa Temeke
Tuko pamoja ndugu yangu. Neno chai nalirudisha. Kaka je?

Mpigapicha wa Sinza
Nimempigia sasa hivi. Kanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto amerudi shule. Kesho naenda Kariakoo kumtafuta yule jamaa, kama hajaiuza nitairudisha hata kwa elfu 50.

Fundi Mstaafu Kimara
Ukiipata, usiichomeke kwanza. Ingia BIOS, weka SSD ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia, hapo ndipo uiunganishe. Na video ya harusi inakili kwenye diski ya nje usiku huu, kabla hujalala.

Mpigapicha wa Sinza
Inanakili. Asilimia 12.