Mwenye nyumba kang'oa kamba za kuanikia, sasa anatudai hela ya ukungu!

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mpangaji huku Kitangiri, Mwanza. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa malalamiko apite tu.

Mama mwenye nyumba wetu ameng'oa kamba zote za kuanikia nguo uani. Akasema tuanike ndani. Tumeanika ndani, kuta zimeota ukungu. Sasa kapita chumba kwa chumba na daftari, kaandika nani ana ukungu wapi, na ametangaza kwamba kabla ya kusaini mkataba mpya kila familia ilipie rangi na fundi. Aliyesababisha ni yeye, wa kulipa ni sisi!

Nyumba ina familia nne, kila moja chumba na sebule, choo na bafu tunachangia. Kwangu tuko saba: mimi, mume wangu, watoto wanne na shemeji yangu anayesoma. Wa mwisho bado anavaa nepi za kitambaa, wawili wako shule ya msingi na sare zao ni mbili mbili, shati jeupe la leo ndilo la keshokutwa. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Anayeijua Mwaloni anajua nguo za mtu aliyeshinda pale zinarudi na hali gani. Zile huwezi kuzilimbikiza mpaka Jumamosi, nyumba nzima itanuka. Kwa hiyo mimi nafua karibu kila siku, na nafua kwa mikono.

Tulipokuja na dalali kuangalia nyumba, chumba hakikunivutia. Kilichonivutia ni uwanja. Jua lilikuwa linaingia asubuhi mpaka jioni, kulikuwa na nguzo za chuma zimechimbiwa, kamba zimevutwa vizuri, na ule upepo wa ziwani wa mchana unapita moja kwa moja. Jinzi unaianika saa nne, saa nane unaianua imekauka kabisa. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa ajili ya chumba, sebule NA ule uwanja. Hakuna aliyeniambia kwamba uwanja ni zawadi.

Kabla masika hayajaanza wakaja mafundi. Wakakata nguzo, wakamwaga kokoto, wakatandaza pevingi. Tukadhani anapendezesha nyumba. Kumbe ni maegesho! Jioni magari ya watu wa mtaani yanaingia kulala, yanalipiwa kwa mwezi, na mengine yanashinda hapo hapo mpaka mchana. Tulienda akina mama wote kumwuliza kwa adabu, "Mama, shikamoo. Sasa sisi kamba zetu tufunge wapi?" Akajibu, "Marahaba wanangu. Kila mtu ataanika ndani kwake. Siwezi kuwa na nepi na chupi zinaning'inia juu ya magari ya watu."

Basi, tukaingia ndani na nguo zetu.

Naomba mnielewe hali ya ndani, maana wapo watakaosema ni kitu kidogo. Kamba moja inakatiza sebule kutoka nondo za dirisha mpaka msumari wa juu ya mlango. Nyingine iko chumbani juu ya kitanda. Mgongo wa kochi una taulo, kila kiti kina shati, mlango una kitenge. Mtoto akifanya kazi ya shule, maji ya sketi ya dada yake yanamdondokea kwenye daftari. Mgeni akija anainama kupita katikati ya suruali za baba wa nyumba. Shuka linaning'inia siku nzima, jioni ukilishika bado bichi, na usiku linahitajika kitandani. Mnalalia shuka lenye ubaridi, na hiyo ni familia yenye mtoto mchanga.

Na maji hayo yanakwenda wapi? Chukua shuka la pamba kavu ulipime kwenye mizani. Lifue, likamue kwa nguvu zako zote, ulipime tena. Maji yaliyobaki yanakaribia uzito wa shuka lenyewe, mara nyingi yanazidi. Kilo tano za nguo kavu ukishazifua kwa mikono zinabeba kama lita tano za maji au zaidi. Ukianika nje, hewa inayachukua inakwenda nayo. Ukianika sebuleni, maji yote yale yanabaki sebuleni. Madirisha yetu ni madogo, na jioni lazima tufunge kwa sababu ya mbu. Hapo ongeza pumzi za watu saba waliolala na sufuria za chakula cha usiku. Bati likipoa usiku na ukuta wa nje ukipoa, hewa ile iliyojaa maji ikiugusa inageuka matone. Asubuhi ukipitisha kiganja nyuma ya kabati unakitoa kimelowa. Ukungu unaanzia pale pale: nyuma ya kabati, kwenye kona za juu, chini ya godoro. Mweusi, na ukiufuta unarudi. Rangi yenyewe ni ile ya kung'aa ya mafuta, ukuta hauvuti hata tone, maji yanateleza tu mpaka kwenye sakafu.

Mama mwenye nyumba alipouona akasema sisi ni wachafu. Nimefundishwa usafi na mama yangu mzazi, nimeolewa na usafi wangu, leo naitwa mchafu kwa sababu nafua sana!

Hali ya hewa ya huku mnaijua. Masika, Machi mpaka Mei, mvua inaweza kuanza usiku na radi zake kutoka ziwani, ikakata asubuhi, halafu jua linatoka kali. Mwanamke wa Mwanza anajua kulivizia jua hilo, anaanika haraka, wingu likirudi anaanua. Masaa mawili matatu ya jua na upepo yanatosha kwa nepi na mashati. Sasa jua linatoka kali, mimi nimesimama mlangoni naliangalia linaunguza bodi za magari, na nepi za mwanangu ziko ndani zinavunda. Hapo ndipo hasira inaponipanda kuliko kitu chochote. Jua lipo! Mungu ametupa jua la karibu na ikweta!

Niseme kuhusu nepi, na wenye watoto wachanga wasikilize. Nguo ikikaa bichi muda mrefu, bakteria wanazaliana, ule uvundo ndio wao, hata ukipaka manukato haisaidii. Halafu kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Mtoto akivaa, funza anaingia kwenye ngozi, anavimba kama jipu. Dawa ni kupiga pasi kila kitu, ndani na nje, hasa kwenye mishono, kwa moto mkali. Nepi, chupi, fulana, shuka, vyote. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula yuniti nzima ya umeme, na luku ya nyumba hii tunachangia kwa vichwa. Kwa hiyo majirani nao wameanza kuniangalia vibaya. Ugomvi wa kamba umezaa ugomvi wa luku.

Jirani yangu mmoja alikata shauri la kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku, akaweka sare za watoto kuzunguka ili zikauke kwa ajili ya shule. Akafunga dirisha kwa ajili ya mbu. Aliamka kichwa kinamgonga, mtoto anatapika, akatambaa mpaka mlangoni akafungua. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala moja kwa moja. Wanangu na wanawe wanacheza pamoja. Ningeamka asubuhi ile nikute nini? Na hili nilimweleza mama mwenye nyumba kwa mdomo wangu. Akasema, "Nani alimtuma aweke jiko ndani?" Mama, umemtuma wewe ulipong'oa zile nguzo!

Binti yangu wa pili ana pumu. Tangu tuanze kuanika ndani anaamka usiku kukohoa, kifua kinapiga filimbi. Kituo cha afya tulichompeleka wakauliza kwanza kama nyumba ina unyevu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likaeleza wazi kwamba wanaokaa kwenye nyumba za namna hiyo wanapata zaidi matatizo ya kifua na pumu yao inazidi. Mwongozo ule ule unasema mwenye jengo ana wajibu wa kutoa makazi yasiyo na unyevu uliopitiliza, na mkaaji naye ana wajibu wa kutumia maji na kupitisha hewa vizuri. Mimi upande wangu naukubali. Nafungua madirisha alfajiri, nasogeza kabati mbali na ukuta, nakamua mpaka viganja vinachubuka, nimenunua feni na naielekeza kwenye kamba. Upande wake uko wapi?

Sasa najua ushauri utakaokuja. Kuna mtu ataandika "nunua mashine". Mashine nyingi zinazouzwa madukani zinafua na kukamua tu, nguo inatoka bichi, inataka kamba vile vile. Kukamua vizuri kunasaidia, sikatai, lakini hela hiyo sina, na maji ya bomba la pamoja yanatoka kwa zamu.

Mwingine ataniambia niende nikaanike kwenye mawe kama watu wa milimani. Ni kweli, huko Mabatini na Igogo akina mama wanatandaza nguo kwenye miamba na zinakauka safi, jiwe likishika joto linakausha hata blanketi. Lakini wao mawe yako mlangoni mwao. Mimi nibebe beseni la watu saba, nipande mlima, niketi kulinda nguo zisiibwe mpaka jioni, na mtoto mgongoni, na nani apike?

Wa "nenda kafulie ziwani" simjibu kwa upole. Ziwa letu lina kichocho. Watoto wakisimama kwenye maji ya kina kifupi pale ufukweni wanakipata kupitia ngozi bila kujua. Siwezi kukimbia ukungu wa ukutani nikawatumbukiza wanangu kwenye kichocho.

Na wa "hama" nitahama, lakini mkataba haujaisha na kodi nimeshalipa. Pia nikihama bila kusema, atakayeingia baada yangu ataonyeshwa pevingi zinang'aa na kuta zimepakwa rangi mpya, rangi niliyoilipia mimi, naye ataanza upya.

Nimeuliza kwa mtu anayefahamu sheria kidogo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha amwache mpangaji akae kwa amani, na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, atunze paa, kuta kuu na sehemu za pamoja ziwe katika hali nzuri. Uwanja ule ulikuwa sehemu ya pamoja. Wapangaji wanne tuliutumia, tuliufagia kwa zamu, tulinunua kamba zikikatika kwa hela zetu. Ameugeuza kuwa biashara yake bila kutupunguzia kodi hata shilingi.

Hatujamwomba abomoe pevingi. Tumemwonyesha upande wa nyuma, pale kando ya choo, mahali ambapo gari haliingii. Nguzo mbili tu na waya. Mume wangu amejitolea kuchimba mashimo mwenyewe. Amekataa, anasema pale anataka kuweka tenki. Tukamwomba basi wateja wake wa magari waondoke saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, tufunge kamba za muda na kuzifungua. Amekataa, anasema mteja halazimishwi. Mteja wa gari halazimishwi, mteja wa chumba analazimishwa!

Wiki ijayo tunakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, familia zote nne kwa pamoja, na ikishindikana tunaomba usuluhishi kwenye baraza la kata. Nimepiga picha za kila ukuta. Nina picha pia ya binti yangu siku ya kusherehekea kipaimara cha shemeji, uwanja unaonekana nyuma yake na kamba zimejaa nguo, ukuta wa nje hauna hata doa.

Ninachoomba kwenu wakuu ni mambo mawili. Aliyewahi kugoma kulipia rangi ya ukungu na akashinda aje aseme alitumia karatasi gani na alianzia ofisi ipi. Na mwenye mkataba wa kupanga ulioandikwa wazi sehemu ya kuanikia nguo anibandikie hicho kipengele hapa, afiche majina, nataka tukiingize neno kwa neno kwenye mkataba mpya kabla hatujasaini. Asiposaini yeye, sisi hatulipi rangi.