Maandamano ama ghasia? Tulijadili hili bila kuzungushana

Mleta mada

Ndugu zangu, tangu jana naona watu wanashikana mashati kwa ajili ya neno moja, huyu anasema 25 Juni 2025 hapa Kenya yalikuwa maandamano, yule anasema zilikuwa ghasia, na kila mtu ana picha yake kwenye simu. Mmoja ana picha ya vijana wameinua bendera na chupa ya maji, mwingine ana picha ya duka limeng'olewa mlango. Picha zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana hatufiki popote.

Msimamo wangu niuweke mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini. Siku iitwe kwa kile kilichowatoa watu nyumbani. Halafu kila kitendo kilichofanyika ndani ya hiyo siku kiitwe kwa jina lake na aliyekitenda atajwe. Aliyeiba aitwe mwizi, aliyechoma aitwe mchomaji, aliyepiga mtu risasi akamuua tuseme ameua. Hili neno ghasia linameza hivyo vitu vitatu kwa pamoja na halitaji mtu hata mmoja.

Na wale wanaosema haya ni mambo ya lugha tu basi wasome sheria. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 37 inasema kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa serikali, kwa amani na bila silaha. Hapo uko salama. Lakini Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu mkoloni, inasema watu watatu tu wakikusanyika kwa nia mbaya ni mkusanyiko haramu, na wakianza kuvunja amani mkusanyiko unageuka ghasia, hiyo ni kifungu cha 78. Sasa ruka hadi cha 82 uone wanapelekana wapi: ikishatangazwa kwamba watu watawanyike na wasitawanyike, askari anaruhusiwa kutumia nguvu kiasi kinachohitajika, na hiyo nguvu ikimjeruhi mtu au hata kumuua, askari hashtakiwi. Kwa hivyo mtu akisimama mbele ya kamera akasema hizi ni ghasia, kuna mlango anaufungua, na wanaoupitia wana bunduki.

Chukua Juni 2024, mwaka mmoja kabla. Vijana wametoka tarehe 18 kwa sababu ya Mswada wa Fedha, kodi ya mkate asilimia 16, kodi ya gari, na mengine chungu nzima. Tarehe 25 wabunge wanapitisha, 195 kwa 106, watu wanaingia Bunge, sehemu inawaka moto, risasi zinalia, watu wanaanguka barabarani pale nje. Jioni Rais anasema mambo yametekwa na wahalifu hatari, neno uhaini linatoka, jeshi linaitwa. Kesho yake, Rais huyohuyo anasema amewasikiza Wakenya, wameukataa mswada, hausaini. Sasa mnieleze, wahaini wa Jumanne wamekuwaje wananchi waliosikizwa Jumatano? Umati ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba Jumanne walihitaji jina la kuwapigia na Jumatano walihitaji jina la kurudi nyuma bila aibu. Kufikia mwanzo wa Julai tume ya haki za binadamu KNCHR ilikuwa imehesabu waliokufa 39.

Halafu kuna watangazaji wetu, na hapa nina uchungu sana kwa sababu hii ni lugha yetu. Sikiliza taarifa ya saa moja. "Maandamano yalikumbwa na vurugu." Na nani? "Watu kadhaa walifariki katika makabiliano." Makabiliano gani, mmoja ana bendera na mwingine ana bunduki ya G3? Anayekufa kwa risasi anaandikwa amefariki kama mtu aliyelala na malaria, lakini kioo cha benki kikivunjwa hapo mtendaji hakosekani, waandamanaji wamevunja kioo. Kamsikilizeni leo jioni muone kama nasema uongo.

Na si jambo la juzi. Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe, alikuwa amekamatwa kwa kusema juu ya kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na kodi. Mary Muthoni Nyanjiru akawaambia wanaume kama wameogopa wavue suruali wawape wanawake. Wakamiminiwa risasi. Hesabu ya mkoloni mwenyewe ni 21, na akaandika ghasia. Leo barabara ya pale inaitwa Harry Thuku, tunapita na matatu.

Karibuni.

Duka Luthuli

Mleta mada nimekusoma mpaka mwisho na nitakujibu kwa heshima, ila wewe naona hujawahi kufungua duka asubuhi ukapata rafu tupu. 25 Juni 2025 niliibiwa. Nauza simu na vifaa vyake, chaja, kava, spika. Walikata kufuli, wakabeba mpaka meza ya glasi ninayopangia simu, sijui waliibebaje. Waliacha masanduku ya simu matupu yametapakaa sakafuni, wakakanyaga risiti zangu za miaka. Hao waliingia kutoka kwenye huohuo umati unaoutetea, walikuwa wanaimba nyimbo zilezile.

Sasa unaniambia hiyo siku niiite maandamano ya amani? Siwezi. Mimi kodi ile nilikuwa naipinga kama nyinyi, nilifunga duka 2024 kwa hiari yangu kuwaunga mkono. Lakini ukiona mahakama ya Kikuyu inachomwa na mafaili ya watu ndani, hiyo inamsaidia nani mdai haki?

Na kitu ambacho hujui, nilikuwa na bima. Nikapeleka karatasi. Wakanijibu kwamba ghasia na machafuko ya kiraia haiko kwenye mkataba wangu, ilinipasa nilipie nyongeza ya fujo za kisiasa. Nikawaambia mimi nimeibiwa, wakasema wizi uliofanyika wakati wa ghasia unahesabiwa ghasia. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hivyo nyinyi mkibishana juu ya jina mjue kuna mtu analipa.

Mleta mada

Boss, pole sana, pole kwa kweli. Na sikusema maandamano ya amani, hayo ya amani umeyaongeza wewe. Maandamano yanaweza kuwa na wezi ndani yake, hata mazishi yanaingiliwa na wezi wa simu na bado tunaita mazishi.

Lakini rudia kusoma ulichoandika mwenyewe kuhusu bima. Ulikwenda ukasema nimeibiwa. Hiyo ndiyo kweli, kuna watu wana sura na miguu waliingia dukani kwako wakabeba mali yako. Wakakujibu hapana, hizo zilikuwa ghasia. Yaani neno lilelile linalomwondolea lawama aliyepiga risasi ndilo lililokunyima fidia, na wezi wako wakapotelea humo, kwa sababu ghasia haina alama za vidole na hakuna mpelelezi anayeitafuta. Nikuulize, kuna afisa aliyewahi kuja dukani kwako kuchukua maelezo? Kama siku ile ingeandikwa maduka yamevunjwa na wezi wakati wa maandamano kungekuwa na faili.

Na kuna ya 17 Juni mwaka huohuo, wiki moja tu kabla. Wanaume kwenye pikipiki, na rungu na viboko, wanacharaza waandamanaji katikati ya jiji, polisi wako hapo karibu, video zikaonwa na nchi nzima. Hao nao tuwaweke kwenye kapu la "ghasia" pamoja na aliyetoka kudai haki? Siku ileile mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi na askari, mtu alikuwa anauza tu. Halafu baada ya tarehe 25 Waziri wa Usalama wa Ndani Murkomen akasema ni ugaidi na jaribio la kupindua serikali, na vijana wakaanza kufikishwa mahakamani kwa sheria ya ugaidi, kosa ambalo linakupa mpaka miaka 30. Siku yenyewe ya 25 runinga zilikuwa zimeamrishwa ziache kurusha laivu, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Jina linapandishwa cheo kila mwaka, fujo, uhaini, ugaidi, na kamera zinazimwa.

Mdau wa Dar

Mkuu mleta uzi, salamu kutoka huku jirani. Hoja yako nzuri ila ina tatizo moja kubwa. Unasema mtenda atajwe, sawa, lakini kumtaja lazima awe ameonekana. Sisi Tanzania Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa, Dar tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku, mtu hajui kilichotokea mtaa wa pili. Mamia wakafunguliwa kesi ya uhaini. Tume ya kuchunguza ikaundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Serikali lugha yake ni uvunjifu wa amani, vurugu. Na hata kile kikosi cha polisi kinachotumwa kinaitwa Kutuliza Ghasia, kwa hiyo kabla gari halijatoka kambini jina la mnaokwenda kukutana nao lishaandikwa.

Huku mtaani ninapoishi watu hawasemi maandamano wala hawasemi vurugu, wanasema tarehe ishirini na tisa basi. Nilikwenda msiba mmoja, baba wa marehemu kila akiulizwa kijana kafaje anajibu alitoka akachelewa kurudi. Sasa huyo mzee utamwambia amtaje nani?

Mleta mada

Mdau, umenigusa na sina jibu rahisi. Mzee yule sitamdai kitu, anajua kwa nini anajibu hivyo. Ninaowadai ni wenye kazi ya kuandika na wenye kazi ya kupima maiti. Hata intaneti ikizimwa risasi inabaki mwilini na daktari anaiona. Baada ya uchaguzi wa 2007 sisi tuliita yote ghasia za baada ya uchaguzi, na mpaka leo ukisema hivyo mtu anawaza jirani na panga. Ndiyo, panga zilikuwepo, nyumba zilichomwa, sikatai. Lakini Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipokaa ikahesabu, kati ya vifo 1,133, waliokufa kwa risasi ni 405. Jirani zangu hawakuwa na bunduki. Hao 405 jina lile liliwafunika, na wanaotakiwa kuulizwa wakastaafu na pensheni zao.

Duka Luthuli, na wewe jambo la mwisho. Agosti 2025 Rais aliunda jopo la fidia na kwenye jina lake rasmi wameandika waathiriwa wa maandamano. Wameandika wao wenyewe, hawakuandika ghasia wala ugaidi. Jopo lenyewe likapingwa kortini, najua, lakini hiyo karatasi ipo. Tafuta nakala yake, ambatisha na barua ya bima ile waliyokunyima, umpelekee wakili aziweke pamoja. Ukihitaji mtu wa kukuandikia barua kwa Kiswahili niandikie meseji, mimi nitakuandikia bure.