Tupeane uzoefu: kutembea milimani na mabegi mgongoni, kulala kwenye hamoki, familia nzima

Baba Tatu
Wakuu, jana nilikuwa natafuta mwavuli kabatini, likaniangukia begi la safari ya Lushoto. Ndani kulikuwa na soksi moja ya mtoto, imekauka na tope la msitu wa Magamba. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu.

Tulikuwa watano: mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa miaka 12, mdogo 5. Tulitoka Lushoto kwa miguu kwenda Mtae, tukapita Magamba, Lukozi na Rangwi. Tulikwenda polepole, siku nne. Usiku wa kwanza ndio ulionifundisha. Hamoki, vile vitanda vya kitambaa vya kuning'iniza kati ya miti, nilizinunua nikiamini kitanda ni kitanda. Saa nane usiku binti yangu wa kati akaniita kwa sauti ndogo: "Baba, mgongo unaniuma kwa baridi." Mablanketi mawili yalikuwa juu yake, lakini chini hakuna kitu, kitambaa chembamba tu na upepo unapita. Hata angelilalia blanketi, lingebanwa na uzito wa mwili, lisingeshika joto. Nikachukua mkeka wa sponji niliokuwa nalalia mimi, nikamsukumia chini ya mgongo. Baada ya muda nikasikia anakoroma. Mimi nilikaa macho mpaka kunakucha.

Nataka kurudi nao Julai hii. Mliowahi kulala msituni na watoto, ni yapi yaliwakuta?

Mlalo Asili
Baridi ya Julai kwetu naijua. Mkeka chini kwanza, blanketi baadaye.

Shosho wa Gilgil
Sisi huku Kenya tulianzia mlima Longonot, mita 2,776, watoto wakapanda mpaka ukingo wa shimo wakateremka bila kulia. Kulala tukalala Hell's Gate, hifadhi yenye korongo jembamba. Hapo nasema kwa uchungu: usipeleke mtoto kwenye lile korongo kama kuna wingu hata mbali. Mvua inanyesha kwingine, maji yanakukuta wewe. Septemba 2019 watu walikufa mle.

Kuhusu hamoki, usiivute ikawa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Iache ilegee, mtu alale kwa mshazari, mgongo unanyooka wenyewe. Na ya mtoto iwe chini kabisa, ukikaa makalio yako yawe karibu na nyasi.

Mama Pacha
Nimesoma hiyo soksi nikakumbuka Amani, Muheza. Sijawahi kuandika habari hii mahali popote.

Ilikuwa Novemba, mvua zimeshanyesha siku mbili mfululizo. Tulikuwa mimi, mume wangu, pacha wetu wa miaka 7 na mdogo wangu wa kike. Tulifunga hamoki nne kwenye miti mizuri, minene, tukapika wali na dagaa, tukalala mapema. Nikaamshwa na Kulwa. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mama, kuna sindano." Nikadhani anaota. Akarudia, safari hii analia.

Nikawasha tochi. Kwenye mkanda wa hamoki yake kulikuwa na mstari mweusi unaotembea, mwembamba kama uzi wa kushonea, unatoka kwenye gome la mti, unafuata mkanda, unaingia kwa mwanangu. Siafu. Nikamulika chini, ardhi yote inasogea. Nilikuwa peku.

Nilimtoa Kulwa nikakimbia naye kwenye njia ya mawe, nikamvua kila kitu hapo hapo kwenye baridi. Walikuwa kwenye nywele, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Siafu ukimvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kucha huku Doto anashika tochi. Mkono wa yule mtoto ulikuwa unatetemeka, lakini mwanga haukuondoka kwa ndugu yake hata mara moja. Mume wangu alikuwa amemkumbuka mdogo wangu, maana yeye usingizi wake ni mzito. Alimkuta siafu tayari wameshafika kwenye kope.

Mzee mmoja wa jirani alisikia vilio, akaja na ndoo ya majivu ya jikoni, akatuzungushia duara pale tulipokaa. Wakaja mpaka kwenye majivu, wakageuka. Tulikaa ndani ya ile duara mpaka alfajiri, watoto wamefunikwa kanga zangu mbili. Kulipokucha sufuria ya dagaa ilikuwa inang'aa, hakuna hata kichwa kimoja.

Mlalo Asili
Pole sana dada. Nimesoma nikajikuna.

Fundi Kamba
Pole Mama Pacha. Dawa ya siafu ni mafuta ya taa. Lowesha kitambaa, kifunge kwenye kila mkanda kabla ya kulala. Hawavuki.

Mama Pacha
Ndugu yangu, mafuta ya taa juu ya kichwa cha mtoto, na moto wa kupikia uko hatua kumi?

Fundi Kamba
Nimesema kwenye mkanda, sijasema kichwani. Majivu mvua ikinyesha yanakuwa tope, hayazuii kitu.

Bibi Karafuu
Siafu hawafukuzwi, wanapishwa. Kwetu wakiingia nyumbani tunatoka nje na watoto, wanamaliza mende na panya, wanaondoka. Ukiwaona wamekatiza njia mchana, usilale hapo, sogea mbali. Basi.

Mtu wa Ifakara
Mnagombania siafu, na mbu je? Udzungwa tulikwenda mwaka jana na watoto. Mle ndani hakuna barabara ya gari tangu hifadhi ilipoanzishwa 1992, ni miguu tu na askari wa hifadhi mbele yenu, kwa hiyo watoto wanajifunza kutembea kweli. Maporomoko ya Sanje, mita 170, binti yangu aliyaona akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Usiku tulilala nje kijijini, chandarua juu ya hamoki, nikaridhika. Asubuhi mgongo wa mtoto umejaa vipele. Mbu walimng'ata kwa chini, kupitia kitambaa chenyewe. Siku kumi baadaye homa, kipimo kikasoma malaria. Chandarua kizunguke hamoki yote, chini na juu.

Jembe la Mkono
Mimi niseme ukweli. Kuwatoa watoto kwenye kitanda ukawaning'iniza porini ni kuiga Wazungu.

Bibi Karafuu
Nani kakwambia? Mimi nimelala kwenye dungu la kulindia mpunga nikiwa na miaka sita, nguruwe wanapita chini yetu. Baba yangu hakumwiga Mzungu yeyote.

Jembe la Mkono
Bibi, mlilinda chakula. Hao wanalipa kiingilio wakateseke.

Baba Tatu
Mkuu, mwanangu mdogo alikuwa hajui karoti inatoka ardhini. Kule Lukozi mama mmoja alimwacha ang'oe mwenyewe, akaila na udongo wake. Kiingilio cha Magamba nilikilipa kwa moyo mweupe.

Mnyalukolo wa Minnesota
Nawasoma kutoka baridini. Huku tunatumia hamoki sana na wanangu, ila hofu yetu ni dubu, kwa hiyo chakula chote, hata dawa ya meno, tunakivuta juu ya mti ulio mbali na tunapolala. Mama Pacha, wale dagaa waliwavutia siafu karibu yenu. Chakula kisilale mlipolala.

Na jingine: angalieni mti wenyewe. Ukipiga gome kwa ngumi ukasikia uwazi ndani, achana nao. Mti mkavu unaweza kuanguka na mtu. Mkanda uwe mpana, kamba nyembamba inakata gome na kuua mti taratibu.

Fundi Kamba
Hapo kwenye kamba nakuunga mkono. Katani ya Tanga ni nzuri kwa kufungia mizigo, kwa hamoki hapana, inasuguana na mti na kukatika nyuzi ndani kwa ndani bila wewe kuona. Na mvua inateremka kwenye mkanda mpaka kitandani. Funga kauzi kafupi kanakoning'inia kwenye mkanda kabla ya kichwa, maji yatadondokea hapo.

Shosho wa Gilgil
Mtoto wa chini ya miaka sita asilale peke yake kwenye hamoki. Mimi hapo sibishani na mtu.

Baba Tatu
Wangu wa miaka 5 alilala peke yake, hamoki iko sentimita arobaini kutoka chini, mkono wangu umeshika kitambaa chake.

Shosho wa Gilgil
Ukisinzia mkono unaachia, mwanangu. Akijigeuza akajifunga shingo na kitambaa, utajua saa ngapi? Mlaze na mama yake kwenye hema.

Mtu wa Ifakara
Shosho ana haki.

Baba Tatu
Nimekuelewa shosho. Julai atalala na mama yake.

Kijana wa Moshi
Na Kilimanjaro mnaweza kulala kwenye hamoki?

Fundi Kamba
Utafunga wapi? Msitu unaisha karibu na mita 3,000, juu ni vichaka na mawe.

Mlalo Asili
Mama Pacha, Kulwa alikubali kwenda tena?

Mama Pacha
Alikataa mwaka mzima. Tulipokwenda Irente, kule Lushoto, alilala hema moja na mimi, Doto kwenye hamoki. Usiku wa pili akachukua tochi bila kutuambia, akamulika mti wa ndugu yake kuanzia kwenye mizizi, akafuata mkanda wote kidole kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akaja kwangu akasema, "Mama, nifungie na mimi, lakini mti wangu nauangalia mwenyewe." Mpaka leo ndivyo anavyofanya.