Persepolis, Aya, Smile au This One Summer: nimpe ipi binti wa miaka 14?

Shangazi_Z: Habari zenu wadau. Binti wa kaka yangu katimiza miaka 14, anapenda mno komiki na sasa anataka inayomhusu msichana wa rika lake. Nimebakiwa na hizo nne, uwezo ni wa kununua moja. Sitaki ya kumhubiria.

Mchoraji_Wino: Smile itoe. Raina Telgemeier kaifanya vizuri (2010): binti anaanguka, meno mawili ya mbele yanaharibika, halafu ni miaka ya waya mdomoni na marafiki wanaomcheka. Kwa mtoto wa miaka 10 au 11 ni tamu. Wa 14 ataimaliza jioni moja na kuuliza kinachofuata.

Bibi_Kurasa: Aya! Abidjan ya 1978, maneno ya Marguerite Abouet, michoro ya Clément Oubrerie, rangi za kung'aa na umbea mtupu. Adjoua anapata mimba, anamtaja Moussa mtoto wa tajiri, kisha mtoto anazaliwa... niishie hapo. Wanaodhani Afrika kwenye vitabu ni vita na njaa tu waisome hii.

Mchoraji_Wino: Bibi, nakubali inachekesha. Ila Aya ana miaka 19, anautaka udaktari, na karibu muda wote yeye ndiye mwenye akili huku wenzake wakiharibu. Binti wa 14 atawacheka wengine bila kujiona.

Msomi_wa_Usiku: Hapo Mchoraji kagusa penyewe. Mimi ningebaki na Persepolis na This One Summer, kwa sababu zote mbili zinamwacha msichana akosee vibaya.

Kwenye Persepolis, kisa cha maisha ya mwandishi mwenyewe huko Iran, Marjane kajipaka rangi ya mdomo, anawaona walinzi wa maadili wanakuja. Ili asikamatwe yeye, anamsingizia mwanamume aliyekaa pale kwamba kamtolea maneno machafu. Wanamchukua. Anaenda kumsimulia bibi yake huku anacheka, na bibi anamgombeza kweli kweli. Marjane Satrapi anajichora mwenyewe hivyo, bila kujitetea.

Kwenye This One Summer ya mabinamu Tamaki (2014), Rose anavutiwa na kijana wa dukani. Msichana wa kijana huyo anapopata mimba, Rose anamtupia lawama msichana. Windy, rafiki yake aliye mdogo kuliko yeye, ndiye anayemwambia ukweli.

Bibi_Kurasa: Hiyo ya pili si ndiyo iliyolalamikiwa sana Marekani?

Msomi_wa_Usiku: Ndiyo. Mwaka 2015 ilipewa heshima ya Caldecott, tuzo inayojulikana zaidi kwa vitabu vya watoto wadogo, kwa hiyo ikafika mikononi mwa wasomaji ambao haikuandikiwa. Kwa 14 naona sawa, ila mama yake Rose ana huzuni nzito ya kupoteza mimba. Shangazi, isome kwanza. Persepolis nayo ina mateso ya wafungwa.

Mchoraji_Wino: Kimichoro: This One Summer imechapwa kwa wino wa buluu ya zambarau tu, na kuna kurasa nzima hazina neno, ni maji na miili inayoogelea. Nzuri kupita kiasi, lakini inataka msomaji mtulivu. Persepolis ni nyeusi na nyeupe, nzito, inasomeka haraka. Angalia mwanzo tu: picha ya darasa, wasichana wote na hijabu, na Marjane kakaa pembeni kabisa hadi fremu imemkata. Mtoto aliyezoea komiki ataelewa papo hapo.

Shangazi_Z: Huyu wetu hana utulivu hata kidogo 😂 Basi Persepolis. Nichukue sehemu moja moja au toleo la pamoja?

Msomi_wa_Usiku: La pamoja. Kisa cha rangi ya mdomo kiko baada ya kurudi Tehran kutoka Vienna, kwenye nusu ya pili. Akiishia ya kwanza atakikosa.

Bibi_Kurasa: Na Aya ujinunulie wewe, Shangazi.